Sahani Chini ya Kawa

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier ambaye wakati huo alikuwa hajafikisha miaka 30, aliingia Mogadishu baada ya safari ya usiku 15 baharini kutoka Zeila. Chombo kilikuwa hakijatulia vizuri pale mashua ndogo zilipokuja kukizunguka. Ndani yake walikuwamo vijana wa mji, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimchagua mfanyabiashara mmoja miongoni mwa abiria, akamkabidhi sahani ile, kisha akatangaza mbele ya wote kwamba huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara hakuwa na ruhusa ya kwenda kulala kwingine. Alishukia nyumbani kwa aliyemlisha, isipokuwa kama alikwishauzoea mji na alikuwa na jamaa zake.

Kwa hiyo katika maelezo ya kale kabisa tuliyonayo ya mgeni kulishwa katika pwani hii, chakula ndicho kilichopanda mashua kumfuata mlaji. Siku hizi mambo yamegeuka. Pale Michamvi Pingwe, mashariki mwa Unguja, kuna mkahawa mdogo maarufu uliojengwa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji yakitoka unaufikia kwa miguu. Yakijaa unapandishwa mashua kwenda kula. Picha zake zimeenea dunia nzima. Mimi kila nikiziona huwakumbuka wale vijana wa Mogadishu na sahani zao, na hujiuliza ni lini hasa mashua ilibadili mwelekeo.

Tusifanye haraka kuusifu ukarimu wa zamani. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizozihitaji. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwepo, biashara hiyo haikutambuliwa. Sahani ile, basi, ilikuwa chakula na mkataba kwa pamoja. Bei ilikuwepo, ila ilikaa nje ya sahani. Mwenyeji alipata chake baadaye, katika vitambaa na nafaka, na mgeni alipata mtu wa kumtetea katika mji asioujua. Wote wawili walijua hivyo, na bado chakula kilibaki kuwa chakula.

Ibn Battuta hakuwa na biashara. Kijana aliyemfikia alipoambiwa na abiria wengine kwamba huyu ni mwanachuoni, aliwapigia kelele wenzake kuwa mgeni ni wa kadhi. Akapelekwa kwa kadhi, kisha kwa sultani, akapewa malazi katika nyumba ya wanafunzi wa dini, na chakula kikaletwa kutoka kwa sultani mara tatu kwa siku. Kitabu chake alikuja kukisimulia huko Fez zaidi ya miaka 20 baadaye, lakini orodha ya vyakula alikuwa nayo kichwani kama aliyenawa mikono jana. Wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mbao. Juu yake vibakuli vya kitoweo: kuku, nyama, samaki, mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa ya mgando, na pembeni achari ya ndimu, achari ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Anasema mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi ambacho kwao kingewatosha kundi zima, na kwamba ni wanene kupindukia. Sina hakika kama ni sifa au kijembe.

Pilipili hiyo si ile tunayoitwanga leo pamoja na kitunguu thaumu. Pilipili kali, nyanya, muhogo na mahindi vilikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki, havijulikani kwa yeyote huku. Ukiwa mezani katika hoteli ya ufukweni na ukaletewa samaki wa kupaka mwenye mchuzi mwekundu, ukaambiwa hiki ndicho chakula cha kale cha Waswahili, kumbuka kwamba nazi na ndimu ni wenyeji wa siku nyingi, lakini wekundu ule ulikuja baada ya Wareno.

Angalia pia mahali samaki alipokaa katika sinia lile. Ni kibakuli kimoja kati ya vinne, na kinakaa juu ya wali. Kiswahili kina neno lake: kitoweo, kitu cha kuutelemshia wali. Kutoka Mogadishu Ibn Battuta alikwenda Mombasa, akalala usiku mmoja tu, na kuhusu chakula akaandika kwamba watu wa kisiwa kile hula zaidi ndizi na samaki. Hapo hakuna sinia wala sultani. Ni kauli ya msafiri aliyechungulia jikoni kwa watu wa kawaida na kuona mambo ya kila siku.

Wachimbaji wa mambo ya kale wanaafikiana naye. Shanga, mji uliokufa katika kisiwa cha Pate, ulichimbuliwa na Mark Horton na wenzake katika miaka ya 1980, na mifupa iliyotoka katika tabaka za chini, za karne ya 8 na ya 9, ni ya samaki wa mwambani kwa wingi: changu, pono, na wengine ambao mtu anaweza kuwapata bila kwenda mbali na nyumba yake. Papa na jodari, samaki wa maji makuu, huanza kuonekana kwa wingi zaidi katika miji ya pwani baada ya mwaka 1000 hivi, wakati miji yenyewe inatajirika, misikiti inajengwa kwa mawe, na watu wana vyombo na nguvu kazi ya kutoka nje ya mwamba. Hata hivyo, mtu aliyetaka kuonyesha ukubwa wake hakuwaita watu kwa samaki peke yake. Alichinja. Mbuzi, kondoo na ng'ombe ndio walioashiria karamu. Mtafiti Jeffrey Fleisher ametoa hoja kwamba karamu ndiyo iliyokuwa njia mojawapo kuu ya kujenga heshima na madaraka katika miji hii, na kwamba yale mabakuli ya kigeni yaliyojengewa katika kuta za misikiti na makaburi yalikuwa yakiwakumbusha watu meza za waliotangulia. Ukienda Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, utayaona makaburi ya nguzo yenye mashimo ya mviringo palipokaa mabakuli ya China. Mengi yameng'olewa. Si mbali na hapo wavuvi hushusha samaki, na kando yao zimejipanga hoteli za ufukweni. Sijui mahali pengine ambapo mambo haya matatu yanaonana kwa macho namna hiyo.

Hata hamu ya kukaa juu ya mwamba na kuitazama bahari haikuletwa na watalii. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule ambaye Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu, ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 lililojengwa kwenye ukingo wa genge juu ya Bahari ya Hindi, na ndani yake bwawa la kuogea lenye pembe nane. Neville Chittick alipolichimbua katikati ya karne iliyopita, alikuta kitu ambacho mchoraji ramani wa hoteli za kifahari wa leo angekitambua mara moja: ua, ngazi za kushukia baharini, bwawa, upepo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyelipa kwa kulala.

Mgeni wa kwanza kuikataa sahani, kwa kadiri ya maandishi, ni Vasco da Gama. Aprili 1498 mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo na viungo, akamwalika aje apumzike katika jumba lake. Akajibu kwamba bwana wake hakumruhusu kushuka pwani. Wakakutana majini, kila mmoja chomboni mwake. Alikuwa na sababu za hofu baada ya yaliyompata Msumbiji na Mombasa, lakini kwa watu waliozoea kwamba kula kwa mtu ndiko kunakokufanya uwe mgeni wake, jibu lile lilikuwa na maana nzito. Mtu asiyekula kwako hana deni kwako.

Nauruka mwendo wa karne nne, si kwa sababu hazina chakula, bali kwa sababu mgeni wa wakati wote huo aliendelea kushukia nyumbani kwa mtu. Mabaharia wa Oman na Hadhramaut waliokuja na kaskazi wakiwa na tende, chumvi na papa mkavu walikuwa na wenyeji wao Unguja na Lamu, na walisubiri kusi ili warudi. Miezi kadhaa mtu hali hotelini.

Hoteli zilikuja kwa ajili ya watu wa aina nyingine. Katika miaka ya 1930 walowezi wa Kiingereza kutoka nyanda za juu za Kenya walianza kushuka Malindi kupunga upepo na kuvua samaki wakubwa. Ernest Hemingway alipita huko mwaka 1934, akitokea bara kuwinda, akaenda kuvua baharini. Nyali Beach Hotel, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa, ilifunguliwa mwaka 1946. Mgeni wa hoteli hizi alikuja na orodha yake ya vyakula kichwani, na pwani ikatakiwa imtafutie vifaa.

Kambakoche ndiye mfano mzuri. Katika miaka ya 1890 huko Paris ulibuniwa upishi uitwao Thermidor, kwa jina la tamthilia ya Victorien Sardou iliyohusu Mapinduzi ya Ufaransa: nyama ya kamba mkubwa huchanganywa na mchuzi mzito wa maziwa na mvinyo, hurudishwa katika gamba lake na kubanikwa juu. Upishi huo uliwekewa kamba wa Atlantiki, mwenye magando mawili mazito. Kambakoche wetu hana magando. Ana mapembe marefu ya kupapasia na mkia wenye nyama, basi. Lakini jina lilikwishapata heshima, na wapishi wa mahotelini, wengi wao Wagoa na watu wa pwani, walijifunza kukijaza kiumbe kile mchuzi ambao hakuna nyumba ya Lamu iliyowahi kuupika. Wahudumu walivaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu. Walikuwa Waswahili, au walivishwa Uswahili. Mwafrika aliruhusiwa kuibeba sahani ile. Kukaa mbele yake hakuruhusiwa mpaka ubaguzi wa mahotelini ulipoanza kuvunjwa uhuru ukikaribia.

Hapo ndipo mimi naona mashua ilipogeuka. Kitoweo kiliacha kuwa cha kutelemshia wali, kikawa chenyewe ndicho chakula, na wali ukasogezwa pembeni, vijiko viwili, umefinyangwa kwa umbo la kikombe. Na mwenyeji akaondoka mezani. Mwenye hoteli si mwenyeji wako, mhudumu hawezi kuwa, na aliyevua hujamwona.

Jambo hili halikupita kimya. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard: je, nchi inayojenga ujamaa iwekeze fedha zake katika mahoteli ya kitalii? Wengine walisema fedha za kigeni ni fedha, na bahari na wanyama tunavyo bure. Wengine wakauliza ni taifa la namna gani litalelewa kwa kuwafundisha vijana wake kuinama na kutabasamu mbele ya meza wasizoweza kuzikalia. Issa Shivji alizikusanya hoja hizo katika kitabu mwaka 1973, *Tourism and Socialist Development*. Wakosoaji walishindwa, ukitazama ufukwe wa leo. Lakini nimekisoma kitabu kile nikiwa na umri kama wao walivyokuwa, na sidhani maswali yao yalijibiwa. Yalipitwa tu na magari ya kubebea wageni.

Zanzibar ilipofungua milango ya biashara katika miaka ya 1980 na kuendelea, hoteli zilijaa pwani ya mashariki, na kabla ya janga la korona kisiwa kilikuwa kikipokea wageni zaidi ya 500,000 kwa mwaka. Miaka ya 1990 kampuni zenye majokofu nazo zilianza kununua pweza ufukweni, kutoka Tanga hadi Mtwara, na kumpeleka Ulaya ya kusini. Pweza, ambaye zamani asipoliwa siku ile alianikwa juani, sasa ana wanunuzi wawili wenye fedha kabla hajafika jikoni kwa jirani.

Nilimla hotelini mara moja, kusini-mashariki mwa Unguja, meza ikiwa hatua chache kutoka kwenye maji. Orodha ilikuwa kwa Kiingereza na Kiitaliano, bei kwa dola. Pweza aliitwa polpo. Alikuja amebanikwa, mkia mmoja tu umekunjwa juu ya viazi, mafuta ya zeituni yamenyunyizwa, na alikuwa mtamu. Sitaki kusema uongo kwa ajili ya hoja. Aliyempika alijua kazi yake. Nilimuuliza mhudumu pweza huyu ametoka wapi.

“Hapa hapa, kaka,” akasema, akaelekeza kidevu gizani, upande ambao mawimbi yalikuwa yakivunjika mwambani.

Upande ule, siku za bamvua, mwezi unapokuwa mchanga au mpevu na maji yanapotoka mbali kuliko kawaida, wanawake wa kijiji hushuka kwa miguu. Wana fimbo ya kuchokolea mashimo, na wana elimu: rangi ya jiwe lisilo jiwe, maganda ya kaa yaliyoachwa mlangoni mwa shimo na aliyekula. Kwa vizazi vingi mwamba ulikuwa wao. Ngalawa na nyavu ni za wanaume, lakini mwamba unaofikika kwa miguu ulikuwa mahali ambapo mwanamke aliweza kupata kitoweo au vijisenti bila kumwomba mtu. Bei ilipopanda, wanaume wakaja na miwani ya kuzamia. Wao hawangoji maji yatoke. Humfuata pweza kwenye kina ambako fimbo haifiki, na hurudi na walio wakubwa. Hakuna aliyevunja sheria. Bei tu ndiyo iliyofanya kazi yake.

Ingekuwa rahisi kusema pweza ametoweka katika vinywa vya watu wa kawaida, lakini si kweli. Jioni Dar es Salaam bado utamkuta kandokando ya barabara, amekatwa vipande vidogo, na supu yake katika vikombe, pamoja na maneno yote yanayosemwa kuhusu nguvu inayowapa wanaume. Lakini huyo ni pweza wa vijiti, wa kuonja. Pweza wa nazi wa kujaza sufuria na kulisha nyumba amekuwa mgeni wa sikukuu.

Kaskazini, katika maji ya Lamu na Kiunga, pweza ana kazi nyingine ambayo naiona kama mzaha wa bahari. Kambakoche humwogopa kuliko kitu chochote, maana pweza humla. Basi mvuvi wa Kibajuni huzama na pweza aliyemfunga kwenye ncha ya fimbo, humwingiza katika pango la mawe, na kamba akihisi adui yake hutoka mwenyewe. Jike mwenye mayai chini ya mkia anatakiwa kuachwa. Walioteuliwa hutiwa barafu na kuanza safari ya kwenda Malindi, Mombasa na kwingineko, ambako mgeni ataulizwa anampenda vipi. Kwa mvuvi mwenyewe kambakoche ni ada ya shule na injini ya mashua. Kumla ni kama kutafuna noti.

Pweza cyanea, huyu tunayemvua, haishi sana zaidi ya mwaka mmoja. Hukua kwa kasi ya ajabu, jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Kwa sababu hiyo mwamba ukipumzishwa miezi michache tu tofauti huonekana. Watu wa Andavadoaka, Madagaska, walilijaribu jambo hilo mwaka 2004, na desturi ikasambaa. Kisiwa Panza huko Pemba ni miongoni mwa vijiji vilivyoichukua. Kijiji hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba, huweka walinzi, na siku ya kufungua hupangwa kulingana na bamvua.

Nimewahi kuishuhudia siku kama hiyo, katika kijiji kimoja cha visiwani. Watu walikuwa wengi kama harusini. Wanunuzi walisimama ufukweni mapema na mizani za kuning'iniza, madaftari na masanduku ya barafu, na pweza walipoanza kupandishwa walipimwa hapo hapo, wengine bado wakibadili rangi. Mama mmoja wa makamo alileta wanne. Watatu walitundikwa, uzito ukaandikwa, fedha zikahesabiwa. Wa nne, ambaye hakuwa mdogo hata kidogo, alibaki ndani ya kikapu.

“Mama, na huyo?” kijana wa mizani akauliza.

“Huyo hauzwi, mwanangu.”

Kijana akaongeza bei. Yule mama akakitupia kikapu upande wa kanga, akakipandisha kichwani.

“Nina mgeni leo,” akasema, na akaanza kupanda njia ya kijijini.